Mahindi ya Basel, Maua ya Ukinga

Mwaka 1542, mjini Basel, mpiga chapa Michael Isingrin alitoa kitabu kikubwa cha Kilatini kuhusu mimea. Mwandishi wake alikuwa Leonhart Fuchs, tabibu na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Tübingen. Kina michoro zaidi ya 500, na mmojawapo angeutambua mtoto yeyote wa Makambako, mkoani Njombe, hata kabla hajajua kusoma: bua lililosimama wima, mbelewele kileleni, majani marefu, na mahindi yakichungulia ndani ya maganda. Ni miongoni mwa michoro ya kwanza ya mahindi kuchapwa Ulaya. Fuchs aliyaita nafaka ya Kituruki, akidhani yameingia Ujerumani kutoka Asia kupitia nchi za Waturuki. Ilikuwa miaka 50 tu tangu Kolombo avuke Atlantiki, na watu wa Meksiko, ambao wazee wao waliyapata mahindi kwa kuchagua mbegu za nyasi pori maelfu ya miaka nyuma, hawamo kabisa katika maelezo yake. Mchoro ulikuwa sahihi, anwani ilikuwa kombo.

Fuchs hakuwa peke yake. Kwa karne nne zilizofuata, bustani na vitabu vya mimea vya Ulaya vililitazama jani kwa makini ya ajabu, lakini mtu aliyesimama kando ya jani vilimwona kwa shida. Njombe inafaa kuifuatilia historia hiyo kwa sababu imeguswa na pande zake zote mbili. Mazao yake makuu yalianza kwa kupita katika bustani zile kama vioja. Baadaye maua ya milima yake nayo yakabebwa kwenda huko huko.

Makambako ndiko barabara ya kwenda Mbeya inakoachana na ile ya Njombe na Songea. Kuna stesheni ya TAZARA, na kuna maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yanayopokea mahindi ya nyanda za juu. Sokoni mna mahindi, maharage, viazi mviringo vilivyofungwa lumbesa ingawa sheria ya vipimo inakataza, nyanya, pilipili, maboga, alizeti na parachichi. Ukiuondoa ulezi na vitu vingine vichache, karibu kila kitu hapo asili yake ni Amerika. Mahindi, pilipili na maboga yamo katika kitabu cha Fuchs. Nyanya zilitajwa na Mwitaliano Pietro Andrea Mattioli mwaka 1544. Alizeti ilichapwa na Rembert Dodoens mwaka 1568, wakati ambapo ilikuwa ua la kushangaza watu katika bustani za wakubwa, na hakuna aliyewaza kuikamua mafuta.

Bustani zenyewe zilianzishwa na walimu wa udaktari waliochoka kudanganywa. Dawa nyingi zilitokana na mimea, wauza dawa walinunua mizizi kwa watu wa mashambani, na daktari aliyesomea vitabuni tu hakuwa na njia ya kujua kama alichouziwa ndicho alichoandika kwenye cheti. Luca Ghini alifungua bustani ya chuo huko Pisa katika miaka ya 1540 mwanzoni. Padua ilifuata mwaka 1545, na bustani yake ingali palepale ilipopandwa. Miaka michache baadaye ilibidi izungushiwe ukuta wa duara kwa sababu wezi walikuwa wanang'oa miche usiku. Ukuta huo bado upo, na unasema mengi kuhusu bei ya mmea wa kigeni wakati ule.

Ghini alikuwa na tatizo jingine: majira ya baridi bustani ilikuwa tupu na wanafunzi walikuwa wamelipa ada. Akabana mimea katikati ya karatasi hadi ikakauka, kisha akaibandika kwenye kurasa, ili ifundishiwe mwezi wowote. Mbinu hiyo rahisi ndiyo mama wa hebaria zote duniani, yaani hazina za mimea iliyokaushwa, ikiwamo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hivyo mwanafunzi alikuwa na bustani tatu: moja iliyo hai, ya pili iliyokaushwa, na ya tatu iliyochorwa kitabuni.

Ile ya tatu ndiyo iliyosafiri mbali kuliko zote. Pliny wa Roma alikuwa amelalamika zamani kwamba michoro ya mimea haiaminiki, kwa kuwa kila anayeinakili kwa mkono huacha jani hapa na kuongeza ua pale, hata baada ya nakala kumi mmea haujulikani tena. Ubao wa kuchapia ulimaliza shida hiyo. Ukishachongwa, nakala ya kwanza na ya mia tano hufanana mshipa kwa mshipa, na tabibu wa London huweza kubishana na mwenzake wa Venice huku wote wawili wakitazama mchoro ule ule. Fuchs alilijua hilo vizuri. Hakutaka wachoraji wake waweke vivuli vya kujionyesha ufundi. Alitaka mistari safi. Tena mmea ulichorwa kamili kuanzia mzizi hadi tunda, na mara nyingine ua na tunda viliwekwa pamoja hata kama shambani havionekani wiki moja. Mzizi haukuachwa kamwe, maana ndio uliouzwa. Okidi za Ulaya, kwa mfano, zilichorwa zikiwa na viazi vyake viwili vya chini ya ardhi, kwa sababu watu waliamini vinamwongezea mwanaume nguvu za kitandani. Maua yake mazuri yalikuwa jambo la ziada.

Kitabu kile kina jambo moja la kumpongeza Fuchs, nalo linakuja kupungua vitabuni baadaye. Mwishoni aliweka picha za mafundi wake watatu pamoja na majina yao: Albrecht Meyer aliyechora kutoka kwenye mmea wenyewe, Heinrich Füllmaurer aliyehamishia mchoro kwenye ubao, na Veit Rudolf Speckle aliyeuchonga. Profesa wa karne ya 16 kumpa mchongaji mbao nafasi hiyo halikuwa jambo la kawaida.

Kiazi mviringo kilichelewa kuingia vitabuni. Januari 1588, Carolus Clusius, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akiishi Vienna, alipokea viazi viwili kutoka kwa Philippe de Sivry, mtawala wa mji wa Mons katika Ubelgiji ya leo. Baadaye akapata mchoro wa rangi za maji wa mmea huo, na mchoro huo umehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Plantin-Moretus mjini Antwerp. Mwaka 1597 Mwingereza John Gerard akachapa mchoro wa kiazi katika kitabu chake, na katika picha yake ya mwanzoni mwa kitabu ameshika tawi la kiazi lenye maua, akilionyesha kama mtu aliyepewa nishani. Halafu akaandika kwamba kinatoka Virginia. Si kweli. Kinatoka milima ya Andes, kwa wakulima waliokuwa na aina nyingi za viazi na waliojua hata kuvigandisha kwa baridi ya usiku na kuvikausha juani ili vikae miaka.

Clusius huyo huyo alikuwa ameiona parachichi. Katika safari yake ya Hispania ya mwaka 1564 aliukuta mti mmoja katika bustani ya nyumba ya watawa karibu na Valencia, na akaueleza katika kitabu alichochapa mwaka 1601. Mti mmoja, kwenye ua wa watawa. Leo vilima vya Njombe vimejaa miparachichi ya aina ya Hass, na hapo pana kisa kinachofanana na cha Padua. Rudolph Hass, tarishi wa posta huko California, aliipa jina lake aina iliyoota kwa bahati shambani kwake, na mwaka 1935 akaipatia hataza. Ilikuwa miongoni mwa hataza za kwanza za mimea Marekani. Ukuta wa Padua ulikuwa wa mawe, huu wa California ulikuwa wa karatasi, na huu wa pili ulishindwa na wezi: majirani walinunua mche mmoja, wakakata vikonyo, wakabebesha miti yao yote. Hass alipata pesa kidogo sana. Mkulima wa Njombe anayebebesha kikonyo cha Hass kwenye shina la kienyeji anazidisha sehemu ya mti ule ule mmoja, ambao wenyewe ulikufa kwa ugonjwa wa mizizi na kukatwa mwaka 2002.

Mwaka 1593 Clusius alihamia Leiden kupanga bustani ya chuo kikuu kipya, na kutoka hapo mambo yalifuata meli. Waholanzi walifika India, na India ikaleta kitabu ambacho kwa maoni yangu ndicho bora kuliko vyote vya zama zile. Hendrik van Rheede, mkuu wa Kampuni ya Kiholanzi huko Malabar, alisimamia juzuu 12 zilizochapwa Amsterdam kuanzia 1678 hadi 1693, zenye mamia ya michoro ya mimea ya Kerala. Juzuu ya kwanza ina ushuhuda wa Itty Achudan, mganga wa Malabar, katika maandishi ya lugha yake mwenyewe, pamoja na ushuhuda wa wataalamu watatu wa Kibrahmani. Wanatajwa kwa majina na wanaeleza walichochangia. Majina ya mimea yamechapwa kwa herufi za wenyeji kando ya herufi za Kilatini. Van Rheede hakuwa mtakatifu, alikuwa mtu wa kampuni iliyouza pilipili manga kwa mizinga. Hata hivyo aliona kwamba kitabu cha mimea ya watu bila watu hao ni nusu kitabu.

Mwaka 1679, juzuu ya pili ya van Rheede ikiwa bado kiwandani, mtawala wa Brandenburg aliagiza bustani ya Schöneberg, kando ya Berlin, ilimwe vizuri na kupandwa mimea. Ndiyo iliyokuja kuwa Bustani ya Mimea ya Berlin. Karne mbili baadaye, Adolf Engler alipokuwa mkurugenzi wake, Ujerumani ilikuwa na makoloni, na mwaka 1891 bustani hiyo ikapewa ofisi maalumu ya mimea ya makoloni. Mwaka 1895 Engler akatoa kitabu kuhusu mimea ya Afrika Mashariki. Kaskazini mwa nchi tayari matunda yalikuwa yameanza kuonekana: mbegu za ua dogo la zambarau zilizotumwa kutoka Tanga na Walter von Saint Paul-Illaire zilifika bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, zikapewa jina mwaka 1893, na leo ua hilo liko kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Mwaka 1902 ikaanzishwa taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara Mashariki, na Engler mwenyewe alifika Usambara mwaka huo.

Nyanda za juu kusini zilipata mgeni wao mapema kidogo. Walter Goetze, aliyezaliwa mwaka 1872, alitumwa na wakfu mmoja wa Berlin kukusanya mimea katika msafara uliobeba jina la Ziwa Nyasa na Milima ya Ukinga, yaani nchi ambayo sasa ni wilaya ya Makete, mkoani Njombe. Alianzia pwani mwaka 1898, akapita Uluguru, kisha Uhehe, ambako Mkwawa alikuwa amekufa Julai mwaka huo na vita ndiyo kwanza vilikuwa vimezima. Mwaka uliofuata alikuwa Ukinga na milima inayolizunguka ziwa.

Watu husahau jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ngumu. Mmea unachumwa ukiwa na ua, unatandazwa kwenye karatasi, unabanwa, na karatasi zinabadilishwa kila mara hadi ukauke. Ukiacha unyevu, unaota ukungu. Milima hiyo, inayoitwa ya Livingstone, ina mvua miezi mingi na ukungu asubuhi nyingi, na maua mengi hutoka mvuani, siyo kiangazi. Rangi hupotea ndani ya siku chache, kwa hiyo lazima iandikwe haraka kabla ua halijageuka kahawia. Kisha bunda zima la karatasi linawekwa kichwani mwa mpagazi na kubebwa kwa wiki kadhaa. Namba za vielelezo vya Goetze zilipita elfu moja. Kila namba ni mmea uliobebwa na mtu.

Desemba 1899 Goetze alifia Langenburg, kituo cha Wajerumani ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Alikuwa na miaka 27. Mimea ilifika Berlin bila yeye, na Engler na wenzake wakaanza kuichapa katika jarida lao kuanzia mwaka 1900. Mingi ilikuwa haijawahi kuandikwa na sayansi, ndiyo maana jina lake limezagaa katika Kilatini cha mimea ya Tanzania. Mgunga ulioitwa kitaalamu Acacia goetzei ni mmoja tu. Mimea yenye jina hilo ni mingi. Mtu akitafuta Mkinga au Mbena aliyeonyesha njia, au aliyeeleza ni jani gani la tumbo na ni lipi la kuku, majina hayo ya Kilatini hayatamsaidia. Miaka 200 baada ya van Rheede, kitabu kilikuwa kimerudi nyuma.

Aliyefuata alikaa zaidi. Adolf Stolz alikuwa mmisionari wa Kimoraviani huko Kyimbila, Rungwe, na kwa miaka kadhaa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikusanya mimea kwa wingi upande wa pili wa milima ile ile. Okidi zake zilimfikia Rudolf Schlechter, bingwa wa okidi mjini Berlin, ambaye mwaka 1915 alichapa kazi nzima juu yake na kuipa jenasi moja jina la Stolzia. Ni okidi ndogo sana zinazotambaa kwenye magome ya miti. Unaweza kupita chini yake kila siku na usizione.

Halafu ukaja usiku wa tarehe 1 Machi 1943. Mabomu ya Uingereza yaliipiga hebaria ya Berlin, ambayo wakati huo ilikuwa imehamia Dahlem. Vielelezo milioni kadhaa viliteketea, na okidi za Schlechter zilikuwa ndani. Kwa mtaalamu wa mimea hasara hiyo ina uzito wa pekee. Jina la spishi hufungwa kwenye karatasi moja mahususi, na karatasi ikiungua, jina hubaki hewani hadi ipatikane nakala ya kulirudisha ardhini. Bahati ni kwamba Goetze na Stolz walikuwa wamechuma matawi ya ziada, na Berlin ilikuwa imeyagawa kwa hebaria nyingine, Kew ya London ikiwamo. Pale nakala ilipokosekana, kilichobaki ni maelezo na mchoro uliochapwa. Bustani ya karatasi ilikuwa imeishi kuliko ile iliyokaushwa.

Na miwati? Huwezi kuandika habari za mimea ya Njombe ukaiacha. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa mwaka 1949 na shirika la maendeleo la kikoloni la Uingereza, ili magome ya miwati yatoe tanini ya kusindikia ngozi. Mti ni wa Australia, kila mtu anajua. Lakini jina lake la kitaalamu, Acacia mearnsii, lilitolewa mwaka 1925 na Mbelgiji Émile De Wildeman, ambaye kielelezo alichokuwa nacho mezani kilichumwa Kenya, kwenye mti uliopandwa, na Mmarekani Edgar Mearns. Kwa hiyo mti wa Australia ulipata jina lake rasmi kutoka tawi la Afrika Mashariki. Fuchs na nafaka yake ya Kituruki wangejisikia nyumbani.

Baada ya vita Waingereza walianzisha kitabu kikubwa kuliko vyote: Flora ya Afrika Mashariki ya kitropiki, iliyohudumia Tanzania, Kenya na Uganda. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1952. Michoro yake ni ya wino mweusi, haina vivuli vya kujionyesha, kama Fuchs alivyotaka: ua zima, kisha ua lililopasuliwa, kisha mbegu, kila kipande na kipimo chake. Hebaria ya Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950 na kuwa moja ya nguzo zake. Taratibu, waliokuwa wakipanda milimani na kuandika lebo wakawa Watanzania. Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya kwa miongo mingi, na mwaka 2009 jenasi mpya ya miti ya misitu ya pwani, jamaa ya mistafeli na mitopetope, ilipewa jina Mwasumbia.

Ukinga wenyewe ulirudi kwenye habari kwa sababu ya kiazi. Katika uwanda wa Kitulo, juu ya milima hiyo, mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, okidi huchanua kwa wingi wakati wa mvua, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Sehemu yake ilikuwa shamba la kondoo, kisha la ng'ombe wa maziwa. Miaka ya 1990 magunia ya viazi vya okidi yalianza kuvuka mpaka kwenda Zambia, ambako husagwa pamoja na karanga, hutiwa magadi na pilipili, na kupikwa chikanda, mlo ulio kama mkate mzito wa kukata vipande. Tim Davenport na Henry Ndangalasi walifuatilia biashara hiyo na mwaka 2003 wakakadiria kwamba viazi kati ya milioni 2 na 4 hivi vilikuwa vinatoka Tanzania kila mwaka. Takwimu hizo zilitokana na kuwauliza wachimbaji na wachuuzi wenyewe, watu waliojua ni okidi ipi tamu na ipi haifai. Kwa mara moja, mwenye jembe alikuwa sehemu ya utafiti.

Mwaka 2005 Kitulo ikatangazwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Wachimbaji walihamia milima mingine. Okidi ina ugumu wake: mchimbaji huiona kwa urahisi inapochanua, akiing'oa wakati huo haitoi mbegu, na mbegu ikidondoka bado inahitaji kuvu fulani kwenye udongo ili iote. Hakuna anayepanda okidi za chikanda kama anavyopanda viazi mviringo, ingawa watafiti wamekuwa wakijaribu.

Sehemu ya mwisho ya Flora ilitoka mwaka 2012, miaka 60 baada ya ile ya kwanza, ikiwa imeorodhesha spishi 12,104. Tangu hapo spishi nyingine mpya zimeendelea kuelezwa kutoka misitu na milima ya Tanzania, na nyingi bado zinabandikwa karatasini kwa namna ile ile ya Ghini, zikiwa na lebo ya mahali, tarehe, kimo, rangi ya ua na jina la aliyechuma.